Mparachichi Wangu wa Endabash

Pale Endabash, fundi wa kupanda miti nilikuwa mimi. Nilipanda mche wa mparachichi katikati ya mahindi kwa samadi tupu, nikaufunga kwenye kijiti kibichi nilichokata mtoni, nikalundika nyasi shinani. Majani mapana yalipochipua, wakulima wa Kansay waliletwa wajifunze kwangu. Nikawaambia siri ni kumwagilia kila asubuhi, kama mimi.

Mama mmoja mzee akachuma jani, likatoka utomvu mweupe.

"Mwanangu, huu ni mkuyu."

Nikamweleza kwa upole kwamba mparachichi ni mti wa kigeni, hawezi kuujua.

Aliinama, akazipangua nyasi. Mche wangu ulikuwa pale, umekauka zamani, umefungwa kwa kamba yangu kwenye kijiti nilichokuwa nakimwagilia miezi yote ile.