Kichura Nilichoruka Nikiwa Nimefunga Kavu

Siku ile naikumbuka kwa mapaja yangu, mwanangu, maana ndiyo yaliyoiona shida. Namshukuru Mungu leo naweza kukaa nikakusimulia.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili hapa Tunduma, mchana nauza vitenge, jioni nasoma masomo ya watu wazima. Mtaani tulikuwa na timu ya netiboli. Aliyetufundisha alikuwa kijana mmoja tukimwita Kocha Gia, kwa sababu jimu yake ilikuwa uani kwa fundi malori, na vyuma vya kunyanyua vilikuwa gia chakavu zilizochomekwa kwenye bomba. Jumamosi tulikuwa tucheze na wenzetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mimi nilikuwa nimetoka kuumwa malaria karibu mwezi mzima, na nafasi yangu ya kufunga magoli akapewa mwingine. Niliitaka irudi.

Wiki hiyohiyo kanisani tulikuwa kwenye maombi ya kufunga. Wengine walifunga kula tu, maji wanakunywa. Mimi nikafunga kavu, siku tatu bila chakula wala tone la maji. Nikaona nimepanga vizuri: asubuhi namwomba Mungu nafasi yangu, jioni naifanyia mazoezi.

Siku ya pili ya kufunga, Jumatano jioni, nikaenda uani kwa Kocha Gia. Wenzangu wakanicheka. "Mgonjwa, rudi nyumbani kanywe uji," mmoja akaniambia. Unajua maneno kama hayo yanavyoingia. Wao waliruka kichura, ile ya kuchuchumaa na kuruka kama chura, wakauzunguka ua mara mbili. Mimi nikaenda mara tano. Kocha anapiga makofi tu, kaza, kaza. Mara miguu ikaanza kutetemeka. Sasa kanisani kwetu mtu akitetemeka kwenye maombi tunajua Roho ameshuka. Nikajisemea, haya, Bwana amenijibu. Nikaongeza mzunguko wa sita.

Mwanangu, haikuwa Roho. Ilikuwa misuli inaniomba nikae chini.

Kesho yake nilishindwa kuchuchumaa chooni, nikashika ukuta kwa mikono miwili. Mapaja yamevimba, magumu kama gogo. Rafiki yangu akasema ni misuli inajengeka, nikanunua vidonge vya maumivu dukani nikavimeza hivyohivyo bila maji. Ijumaa mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi. Nikadhani ni kichocho. Nikanyamaza, maana wakijua hawatanipanga kucheza.

Aliyeniokoa ni Mama Tabitha, kiongozi wetu wa maombi. Hakuniona kanisani asubuhi hiyo, akaja nyumbani. Alinikuta natembea kwa kushika ukuta, akaangalia miguu, halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa mama wa kanisa.

"Mkojo wako una rangi gani?"

Nikaona aibu. Akarudia kuuliza, nikasema. Hapo hakukaa hata kunywa maji. Kumbe kaka yake aliwahi kurudi hivyohivyo kutoka mafunzo ya mgambo, wakamkanda kwa maji ya moto siku nne wakisubiri apone, figo zikasimama, wakamzika. Akaomba pikapu kwa jirani, nikapelekwa hospitali.

Daktari alisema misuli yangu imevunjikavunjika, uchafu wake umeingia kwenye damu na figo zinashindwa kuuchuja. Na vile vidonge, pamoja na kukosa maji, vilizidi kuzielemea. Nilitundikiwa dripu moja baada ya nyingine, wanapima mkojo kila mara. Timu ilicheza bila mimi. Siku ya tatu mkojo ulianza kuwa mweupe, na Mama Tabitha akashukuru kwa sauti mpaka nesi akamwomba apunguze.

Ndipo aliponikemea. Alikaa pembeni ya kitanda akasema taratibu, "Binti, tulikubaliana ufunge kula. Nani alikwambia ufunge na akili?" Nililia, halafu nikacheka, mapaja yakauma. Nikamwambia asante mama, na mpaka leo naisema.

Siku hizi jimu zimejaa hapa mjini, na wewe naona unarudi huko shati limelowa. Sikukatazi. Ila kama ni mgeni, au umetoka kuumwa, anza na kidogo kuliko unachoweza, uongeze polepole wiki kwa wiki. Pasha mwili joto kwanza, na chuma kizito kisubiri mpaka ujue kukishika vizuri kile chepesi. Kunywa maji. Ukiwa umefunga, au una homa, mazoezi yaache. Mwili ukitetemeka, kaa chini, hata wakikucheka, na siku ya kupumzika usiione ya uvivu. Kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Lakini ukivimba, ukaishiwa nguvu, au maumivu yakazidi, usimeze vidonge ili uendelee. Na ukiona mkojo mweusi kama chai, nenda hospitali saa hiyohiyo, umwambie daktari ulifanya mazoezi gani. Usione haya kama mimi.

Mungu akutunzie figo zako na magoti yako, mwanangu. Akupe na mtu wa kukuuliza maswali ya aibu kabla hujachelewa, na wewe uwe mwepesi wa kumjibu. Amina.