Karoti Mbichi na Jiwe la Magadi

Mwenyekiti ameomba nianze na salamu. Haya, nimewasalimu. Sasa nisikilizeni, na makofi mniwekee, kwa sababu nusu ya watu walioketi hapa bado nina neno nao.

Mimi ni Mama Wekesa. Mnanijua. Nimeishi hapa Kitale miaka ishirini na kitu, lakini nyumbani ni Bungoma, upande wa Chwele, na wengi wenu mmekula chakula cha mkono wangu kwa harusi na kwa matanga. Leo niko mbele yenu kwa sababu ya mtu mmoja. Yuko pale mstari wa pili, amefunga kitambaa cha samawati, anajifanya anatafuta kitu kwa mkoba. Sellah, wifi yangu, dada ya mume wangu. Wiki iliyopita walikuja kupima watu presha hapa kanisani, na yake ikasoma mia moja tisini na tano kwa mia moja na kumi. Nesi akamwambia aende kliniki aanze dawa. Sellah akasema yeye hamezi dawa ya mtu, ati atakula vitu vibichi kama Mama Wekesa na presha itashuka yenyewe. Ndiyo mkaniita nitoe ushuhuda wa vitu vibichi. Basi mtaupata wote, si kile kipande mnachotaka.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mwanamke mkubwa, kilo tisini na nane. Nilipenda mwili wangu, hata sitawadanganya. Kazi yangu ilikuwa masufuria. Mtu akifa, iwe Webuye, iwe Kapsokwony kule juu mlimani, neno lilitumwa: mwiteni Mama Wekesa. Ninapikia watu mia tatu bila kuandika chochote mahali. Nyama kila mtu anajua kupika. Mimi sifa yangu ilikuwa mboga. Murenda yangu iliteleza, kunde zangu zilikuwa laini, maharagwe yangu yaliiva kuni zikiwa bado nyingi. Wapishi wengine walikuwa wakinizunguka hapo jikoni kuchungulia natia nini.

Nilitia magadi. Kwa wale hawajui, ni lile jiwe la kijivu linauzwa sokoni kwa mafungu. Unalisaga, unatia kidogo kwa mboga ngumu, inalainika na inapata ladha. Wenzangu walitia kwa ncha ya kidole. Mimi nilitia kwa kiganja.

Ugonjwa ulianza na kisogo. Naamka asubuhi kisogo kizito, macho yanaona vitu vinang'aang'aa, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Nikasema ni moshi. Miguu ikavimba, nikasema ni kusimama. Halafu siku moja nakanda unga wa chapati, naona tone jekundu kwenye unga, la pili, la tatu. Damu inatoka puani na haitaki kukoma. Mume wangu akanifunga kitambaa usoni akanipeleka kliniki.

Daktari alikuwa mwanamke, Daktari Chebet, mtu wa huku Mlima Elgon. Alipima, akapima mkono wa pili. Mia mbili na kumi kwa mia moja ishirini na tano.

"Mama, umekuja na miguu yako?" akaniuliza.

"Kwani ningekuja na ya nani?"

Hakucheka. Alinipa vidonge vya kumeza kila siku, akasema nipunguze mafuta, nipunguze mwili, na chumvi niwache kabisa. Nilitii. Pakiti zote za chumvi nilimpa jirani. Nikapika bila chumvi, nikaonja, ai! Chakula kilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Sasa mimi mpishi wa watu mia tatu nitakula hiyo? Nikaongeza magadi. Mahali nilikuwa natia kiganja kimoja nikatia viwili. Magadi kwangu haikuwa chumvi. Magadi ni jiwe, inauzwa na mama wa mboga, na nyanya yangu aliitumia mpaka akazeeka.

Nilirudi kliniki mara tatu na presha haikushuka.

"Mama Wekesa, unameza dawa?"

"Nameza."

"Chumvi umewacha kweli?"

"Daktari, naapa mbele ya Mungu."

Nami nilikuwa nasema ukweli vile niliujua. Mara ya tatu nikamfokea. Nilimwambia dawa zao ni unga wa mahindi, wanatuuzia, wanatucheka. Watu wote kwa foleni walisikia. Yeye aliandika tu kwa faili yangu, akanipa tarehe ya kurudi.

Kabla tarehe ifike nikaitwa Chwele, kwa matanga ya binamu ya mume wangu. Aliyekuwa amekufa aliuawa na presha. Alianguka shambani akiwa ameshika jembe. Mimi nilijua kilichomuua, na bado nikashuka kutoka Kitale na mfuko wangu wa magadi kama kawaida. Siku ya mazishi, nikikoroga kunde, mwiko ukaanguka. Nikainama kuuokota, mkono wa kushoto ukakataa. Nikataka kuita mtu, ulimi ukawa kitambaa mdomoni. Mate yakashuka kidevuni. Kisha nikasikia joto miguuni, nikajua nimejikojolea, mbele ya wakwe, mbele ya padri, mbele ya watu wamekuja kula.

Aliyenikimbilia kwanza ni Sellah. Hilo nalisema, kwa sababu mimi sifichi haki ya mtu. Alivua leso yake akanifunika, wakanipakia kwa pikapu ya mtu wa mbuzi, na kichwa changu kilikuwa kwa mapaja yake mpaka hospitali ya Bungoma. Aliniita mulamwa, yaani wifi kwa lugha ya kwetu: "Mulamwa usilale. Mulamwa niangalie." Nilimwangalia njia yote.

Nililala hospitalini siku tisa. Mdomo ulienda upande. Uji nikipewa unamwagika kwa shingo. Mume wangu, mtu ambaye hajawahi kushika hata sahani chafu, alinipangusa, akanibadilisha nguo, na usiku hakuondoka hata alipofukuzwa. Nilirudi Kitale nikitembea kwa fimbo. Mkono ulikuwa unashika kidogo.

Mtu wa kwanza kuja kuniona hapa hakuwa wa kanisa hili. Alikuwa Mama Hansa, yule Mhindi ambaye nimenunua masufuria kwa duka lake miaka yote. Alibeba karoti, matango, malimau, na ndengu ndani ya kitambaa kibichi. Ndengu zilikuwa zimeota vijimkia vyeupe. Nikadhani zimeharibika.

"Mama Wekesa, mimi pia iko na presha," akasema. "Jaribu kula mbichi mwezi moja. Osha vizuri na maji safi. Lakini dawa meza. Dawa usiache hata siku moja."

Sikumwamini. Nilikula kwa hasira, kwa sababu hasira ndiyo ilikuwa imebaki. Karoti nilizikwaruza zikawa laini kwa sababu taya halikuwa na nguvu. Kabichi na sukuma nilikata nyembamba kama uzi, nikakamulia limau. Nyanya, dania, avokado, ndizi, njugu, ndengu zilizoota. Wiki ya kwanza tumbo lilijaa hewa nikawa nalala nje ya blanketi. Wiki ya pili nikaharisha. Mume wangu aliangalia sahani yangu akasema, "Mimi nilioa mtu, sikuoa sungura." Kisha nikajifanya mjuaji, nikaotesha maharagwe mekundu nikayala mabichi. Usithubutu! Nilitapika mpaka nyongo. Mama Hansa akanigombeza kama mtoto: ndengu sawa, maharagwe ni ya kupikwa.

Lakini presha ilishuka. Mwezi wa pili, mia moja hamsini na tano. Mwezi wa nne, mia moja thelathini na nane kwa themanini na sita. Kisogo kikawa chepesi, miguu ikapungua mpaka viatu vikanivuka, mdomo ukarudi mahali pake. Kilo tisini na nane zikawa sabini na nne.

Sasa tufike kwa hizo kilo, kwa sababu hapo ndipo mliponiua mara ya pili.

Miaka ile, mwanamke akikonda haraka kulikuwa na jibu moja tu. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuja kwa mkutano wetu wa akina mama, chai ikapakuliwa. Nyinyi wote mlipewa vikombe vya udongo, vile vyeupe vya maua. Mimi nikapewa cha plastiki, cha kijani, peke yake kwa sinia. Nikadhani vimepungua. Mkutano uliofuata, kikombe kilekile. Nikamuuliza aliyekuwa anagawa chai, akaangalia chini, akasema, "Sellah ndiye alisema. Ati tujichunge. Ati ni ule ugonjwa."

Sellah! Wewe uliyeshika kichwa changu ukaniona nikianguka na presha! Na hata kama ningekuwa na huo ugonjwa mwingine, tangu lini unapita kwa kikombe? Mlikuwa mnaomba hapa mikono juu, na kikombe changu mnakiosha nje kwa bomba. Hata matanga mliacha kuniita. Kikombe nilibeba nikaenda nacho nyumbani, na ninacho mpaka leo.

Hasira hiyo ilinipa ujinga. Nikasema nitawaonyesha: nitapona kwa karoti tupu. Nikawacha vidonge. Siku kumi na moja tu, kisogo kikarudi. Nikaenda kliniki nikiwa nimeshika ukuta, ikasoma mia moja themanini na mbili.

Daktari Chebet hakuinua sauti. Akafunga mlango, akaketi. "Mama, leo sikuandikii kitu mpaka unieleze. Vitu vibichi vimekusaidia, nimeona kwa macho yangu. Dawa pia imekusaidia. Lakini mwanzo ulimeza dawa hiyohiyo, chumvi umewacha, na haikushuka. Ulikuwa unakula nini?"

Nikamhesabia. Ugali. Murenda. Kunde. Maharagwe.

"Unapika na nini?"

"Na magadi tu."

"Kiasi gani?"

Nikamfungulia kiganja. Kisha nikafungua na cha pili.

Aliweka kalamu chini. "Mama Wekesa, hata kwetu mlimani tunapika na magadi. Kile kitu cha chumvi kinachopandisha presha, kiko ndani ya magadi pia. Ulitoa chumvi kwa mlango, ukairudisha kwa dirisha." Alisema si magadi peke yake. Kuna unene, kuna mafuta, kuna damu ya ukoo. Lakini viganja viwili kila siku vilikuwa vinashindana na kila kidonge nilichomeza. "Nani hutia magadi kwa karoti mbichi?" akaniuliza. "Hakuna. Hapo ndipo ulipopata nafuu."

Nilikaa kwa kile kiti nikashindwa kuinuka. Haikuwa miguu. Nilikuwa nakumbuka matanga. Fulani wa Webuye, presha. Mwalimu fulani, presha. Binamu wa Chwele aliyeanguka na jembe. Kwa kila kaburi mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikiwatilia walio hai kwa kiganja, na wao wanalamba vidole na kuniita malkia. Nililia kwa ile kliniki kuliko nilivyolia hospitalini.

Leo nakula hivi: mchana mbichi, jioni ugali kidogo na mboga ya kupikwa bila magadi, limau na kitunguu vinatosha. Vidonge naweka kando ya mswaki nisisahau. Napimwa kila mwezi. Mume wangu aliyekataa sungura sasa anakwaruza karoti mwenyewe. Namshukuru Mungu kwa mdomo huu unaowagombeza, maana aliurudisha ukiwa mzima. Namshukuru Mama Hansa, na Daktari Chebet niliyemtukana mbele ya watu na bado akanifungia mlango akanisikiliza. Nilimwomba msamaha. Yeye nilimwomba.

Mwenye presha hapa, asiseme Mama Wekesa alipona kwa majani. Kula majani, na umeze dawa, na hilo jiwe ulitoe jikoni kwako. Na usiwache dawa kabla daktari akwambie.

Na sasa, Sellah, wacha huo mkoba. Niangalie.

Kabla ya ugonjwa wangu, miaka kumi na mbili ulikula kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Ulikuwa unasema mboga ya kwako hainogi kama ya mulamwa. Mpaka ukaniomba nikufundishe, nikakufundisha, nikakushika mkono nikakuonyesha kiganja kinajaa namna gani. Kwa hivyo hiyo mia moja tisini na tano si yako peke yako. Mkono wangu umo.

Kwa yale maneno ya kikombe bado nimekukasirikia, na leo sikusamehi, usije kunikumbatia hapo nje. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi niko kwako. Magadi yako nitayatupa chooni kwa mkono wangu. Kisha utavaa viatu tuende kwa Daktari Chebet, na kidonge cha kwanza utakimeza nikiona, na maji yako nitayabeba mimi, kwa kile kikombe cha kijani. Ukifunga mlango nitakaa nje mpaka ufungue. Nimepika matanga ya kutosha, Sellah. Ya kwako sitaki kuyapika.