Kichekesho Kilichosubiri Kiangazi

Wiki jana nilikuwa saluni hapa mtaani Dallas, Embu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama kichaka, redio ikipiga kelele juu ya kioo. Mtangazaji akasema, "Haya, kiangazi hiki kimetuchosha. Nitumie kichekesho chako, nakupa dakika tano." Dakika tano! Msichana aliyenisuka akaziacha nywele zangu, akachukua simu, akaandika kwa kidole gumba. Hajamaliza msuko uliofuata, maneno yake yakawa hewani na saluni nzima inacheka. Na mimi nilicheka. Kisha nikainamisha kichwa, mpaka akaniuliza, "Madam, kwani nimekuvuta sana?"

Hakuwa amenivuta. Sikumweleza, maana angedhani nimeharibikiwa. Lakini wewe tumezoeana, acha nikueleze.

Nililelewa na nyanya, huko chini kwenye joto, ambako Embu ya chai na baridi inaisha na Mbeere ya ndengu na mbuzi inaanza. Mama alifanya kazi mjini na alikuja mwisho wa mwezi, akibeba mkate na uchovu. Asubuhi zetu zilinukia uji wa mtama uliotiwa ukwaju na moshi wa kuni za mgunga. Nikitoka shule nilichota maji, nilipepeta ndengu, nilifukuza kuku waliokuja kula ndengu hizo, na nikauliza maswali. Kanisani tukiombea mvua niliuliza mbona tunamkumbusha Mungu ikiwa imeshachelewa. Nyanya alinifinya palepale, juu ya kiwiko. Alikuwa akisema maswali yangu yangekuwa kuni, tungechemsha githeri mwaka mzima bila kwenda msituni.

Jirani yetu ndiye aliyekuwa na redio. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye shati moja la Jumapili na kicheko cha watu watano. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi kulikuwa na kipindi cha vichekesho vya habari za wiki. Wasikilizaji walituma mizaha ya mstari mmoja au michezo mifupi ya kuigiza, na mtangazaji aliisoma kwa sauti mbalimbali: ya waziri, ya mama mboga, ya askari. Ukisomwa, ulitajwa jina lako, shule yako na kijiji chako. Jirani aliiweka redio dirishani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na akicheka alijipiga paja mpaka kuku wakakimbia. Kwetu hakukuwa na mtu wa kucheka hivyo. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: acheke vile kwa maneno yangu, yakitoka kwenye redio yake mwenyewe.

Watu wa mjini walituma kwa simu. Kwetu mtandao ulipatikana juu ya mwamba mmoja tu, na simu ya nyanya ilikuwa ya kupokea, si ya kutuma. Hiyo ilikuwa sheria. Basi niliandika barua. Mwalimu wa Kiswahili aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaibeba siku ya soko hadi posta ya Siakago, na kutoka hapo ilisafiri kwa hiari yake.

Wakati huo mafuta ya gari yalikuwa yamepotea nchini. Niliandika kwamba gari la mheshimiwa sasa linasukumwa na waliompigia kura, kwa hiyo hatimaye tumepata serikali inayoendeshwa na wananchi. Nilijiona nimemaliza. Barua ilipofika, vituo vya petroli vilikuwa vimejaa na watu wamesahau. Mtangazaji alilisoma jina langu, akalisoma la kijiji, kisha akasema, "Huyu mtoto anatuletea habari za mwezi jana. Mwanangu, hizi zimechacha!" Kukafuata ile sauti ya kengele waliyopigia mizaha mibovu.

Jirani hakucheka. Aliizima redio, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kabla kipindi hakijaisha.

"Sikia," akasema. "Habari zikifika huku ni nzee. Zikirudi huko ni maiti. Wewe umewapelekea maiti, mtangazaji."

Kuanzia siku hiyo hakuniita kwa jina. Nilikuwa Mtangazaji, hata mbele ya nyanya.

Mtu mwingine angeacha. Mimi nilichukua kalenda ya kanisa iliyoning'inia jikoni nikaanza kujiuliza: kama barua inakawia, kwa nini nisiandike habari ambazo bado hazijatokea? Na si ilikuwa rahisi! Walimu wangegoma shule zikifunguliwa. Waziri angeahidi umeme. Sukari ingepanda. Wabunge wangejiongezea kitu. Kiangazi kingekuja, kwa sababu kwetu kiangazi hakikosi, hukawia tu. Nikaandika mizaha ya kuweka akiba, kama nyanya alivyoweka ndengu kwenye majivu. Juu ya kila karatasi niliandika: "Tafadhali hifadhi mpaka wakati wake."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. "Unaandikaje habari za kiangazi na nje kunanyesha?"

"Kitakuja, mwalimu."

"Wewe mtoto una moyo gani?" akasema. Lakini alisahihisha.

Mzaha wa umeme ulisomwa kwanza. Waziri aliahidi, kama nilivyojua, na redio ikasema kwamba kijijini kwetu nguzo zimefika bila nyaya, na mbuzi wanaishukuru serikali kwa kuwapa mahali pa kujikunia. Siku hiyo nilikuwa nimetumwa kwa shangazi. Jirani alinisimulia mara tatu, lakini kusimuliwa kicheko ni kama kusimuliwa chakula.

Ule wa kiangazi tuliutunga pamoja, mimi na yeye, mwezi wa nne, mvua ikigonga mabati yake. Ng'ombe wake watatu walikuwa wamenona mpaka wanatembea kwa madaha. Alikuwa akinisimulia ukame wa zamani, jinsi ng'ombe aliyedhoofika akilala usiku hawezi kusimama asubuhi, na akibaki chini siku nzima amekwisha. Kwa hiyo kila asubuhi mwenye ng'ombe hupiga kelele, na majirani huacha uji wao wakaja kumwinua. Hakuna aliyealikwa akakataa, hata mliyegombana naye, maana kesho atakayelala ni wako. Mmoja hushika mkia, mwingine pembe, wengine hupitisha gunia chini ya tumbo. Anaposimama hutetemeka kidogo, kisha huenda kutafuta majani kama kawaida.

"Kama mheshimiwa," nikasema.

Jirani akaelewa, akajipiga paja.

Tukaandika. Mheshimiwa Ng'ombe amelala, wananchi wamemzunguka. "Mheshimiwa, tukusaidie kusimama?" "Niinueni kwanza, mengine tutaongea nikiwa juu." Wananchi wanamwinua kwa jasho. "Mheshimiwa, sasa umesimama, tukumbuke basi." Hapo nilikwama. Jirani ndiye aliyemalizia: "Anawakojolea." Alilia machozi kwa kicheko. Mwalimu, hata hivyo, alilikata neno hilo kwa wino mwekundu akisema redio husikilizwa na watu wa kanisa, akaandika juu yake: "Anawageuzia mkia." Jirani alipopata habari alikasirika kweli. "Mwalimu wenu hajawahi kushika mkia," akasema.

Kisha kiangazi kikaja, na sikujivunia kukitabiri. Mvua ya mwezi wa kumi haikufika, wala ya mwezi wa kumi na moja. Mto ukawa mchanga. Tulichimba na kungoja maji yajikusanye kwa kikombe. Nyanya alipunguza uji, halafu akapunguza maneno. Ng'ombe wawili wa jirani walikufa wiki moja. Akabaki mmoja, mwekundu, mwenye mimba, ambaye maziwa yake ndiyo tuliyonywea chai tangu nifike Mbeere. Jirani aliuza mabati ya zizi akamnunulia majani kutoka milimani.

Alipoanza kushindwa kusimama, tuliitwa. Asubuhi ya kwanza tulimwinua kwa urahisi. Ya pili vilevile. Tulisubiri jua limpashe mwili joto kwanza, kwa sababu miguu yenye baridi haikubali. Asubuhi ya sita ilikuwa Jumamosi.

Jirani alishika mkia. Mkewe alishika pembe. Upande mmoja wa gunia walikuwa vijana wawili kutoka boma la juu, upande wa pili nyanya na mimi. Redio ilikuwa dirishani, ndogo, betri zikikaribia kufa. Tulihesabu, tukavuta. Miguu ya nyuma ilinyooka. Ya mbele ikaanza kukunjuka, goti moja likatoka ardhini, na nikasikia uzito ukipungua mikononi mwangu, ile dalili kwamba sasa anajibeba mwenyewe.

Ndipo mtangazaji akasema jina langu.

Jina langu, shule yangu, kijiji chetu. "Anatuletea Mheshimiwa Ng'ombe!" Nilitaka kupiga kelele wazime, lakini nani angezima? Kila mkono ulikuwa na kazi. Akasoma kwa sauti nzito ya mheshimiwa: "Niinueni kwanza, mengine tutaongea nikiwa juu." Kijana mmoja akatoa sauti puani. Nyanya akasema, "Shikeni!" lakini bega lake lilikuwa likitikisika. Nilimtazama jirani. Uso wake ulikuwa umekaza kama mtu anayezuia chafya. Redio ikamalizia: "Anawageuzia mkia!"

Na jirani, mkia mikononi, hakuweza kujizuia. "Si nilisema anawakojolea!" akapaza sauti.

Tulicheka. Sijui nikuelezeje. Tulikuwa na njaa, tulikuwa hatujacheka miezi miwili, na kicheko kilitutoka kama maji yaliyovunja bomba. Ulishawahi kujaribu kubeba kitu ukicheka? Vidole havikusikii. Vijana waliliachia gunia kwanza. Mke wa jirani aliinama ameshika tumbo. Nami nilicheka, nisijitakase, nilicheka kwa sababu yeye alikuwa akicheka, kile kicheko cha watu watano, kwa maneno yangu, kutoka kwenye redio yake. Dakika moja hivi nilikuwa na kila nilichowahi kukitaka.

Ng'ombe alishuka polepole. Hakuanguka kwa kishindo. Aliketi, akalaza shingo, akavuta pumzi ndefu.

Tulijaribu tena mara nne. Nguvu zilikuwa zimekwisha, zetu na zake. Jirani alimzungumzia sikioni, akamwekea majani mdomoni, akamfunika kwa blanketi lake mwenyewe jua lilipokuwa kali, ndivyo watu wanavyochanganyikiwa. Niliketi pale mpaka mchana nikipunga nzi kwa daftari la Kiswahili. Hakuna aliyenisema. Ningefurahi kama nyanya angenifinya.

Alikufa jua likielekea kushuka, na ndama ndani yake. Jirani alisimama, akajikung'uta magoti, akaniona.

"Nenda nyumbani, Mtangazaji," akasema kwa upole. "Umesomwa leo."

Mvua ilinyesha siku kumi na moja baadaye. Nilizihesabu na bado nazihesabu. Ng'ombe wa boma la juu aliinuliwa siku kumi na nne, akapona, akazaa. Chuo kikuu nilisoma mantiki, na najua kutofautisha kilichotangulia na kilichosababisha. Najua kwamba huenda angekufa siku ya saba. Najua utani wa mwisho haukuwa wangu, na kwamba mtangazaji ndiye aliyechagua siku. Hoja zote hizo ninazo, zimepangika vizuri. Jaribu wewe kuzitumia.

Sikuandika tena. Kipindi chenyewe kilikufa miaka michache baadaye, na posta ya Siakago sijui kama kuna mtu anayeipelekea barua. Huko chini siku hizi ni muguka, yale majani ya kutafuna, mashamba kwa mashamba, na pikipiki zinazokuja kuubeba ukiwa mbichi. Ng'ombe wamepungua sana. Zile kelele za asubuhi, mtu kuita na maboma yote kuacha uji yakaja, sijazisikia tangu niondoke.

Mwaka jana nilimtembelea jirani. Amezeeka, meno machache, lakini akili ni ileile. Tuliketi nje, mkewe akatuletea chai ya rangi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na bado swali lilinitoka vibaya.

"Mzee, yule ng'ombe mwekundu. Tusingecheka, angesimama?"

Hakuuliza ng'ombe yupi. Alikunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Unataka nikuambie nini, Mtangazaji?"

Mimi, wa maswali, nilikimbilia swali jingine. Nilimuuliza basi kwa nini hakununua ng'ombe mwingine, miaka yote hii, hata mvua zilipokuwa nzuri. Alinionyesha kwa kidevu mbuzi wake wanne waliofungwa kando ya muguka.

"Mbuzi akilala," akasema, "namwinua peke yangu."