Kuomba Moto

Juzi jioni umeme ulikatwa tena hapa kwetu Observatory, mtaa wetu wa ukimbizini. Nilikuwa nimeshona tangu asubuhi, miguu imevimba, nikawasha gesi nipike sombe, majani ya muhogo. Mara geti la vyuma la mlangoni likagongwa. Mwanamke simjui, mtoto mgongoni, sufuria ya uji mkononi.

"Hodi, mama. Naomba moto kidogo, nipashe uji wa mtoto." Kiswahili chake cha Burundi.

Binti yangu akanivuta nguo. "Eish, mama, usifungue! Umesahau yule wa mwaka jana?"

Sijasahau. Yule nilimkaribisha, tukasali pamoja, akasema amina kubwa kuliko yangu, akaondoka na simu ya binti.

Lakini hilo neno, kuomba moto, lilinirudisha Uvira, kwenye jiko la koko, mama yake mama yangu. Wakati ule, rafiki yangu, kibiriti kilikuwa kitu cha kutunza. Moto uliombwa kwa jirani. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kupuliza makaa, machozi yananitoka, harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, zenye kukaangwa imejaa mpaka kwenye nywele. Hata mpita njia asiyejulikana alikuja na kigae chake, koko akamwekea makaa mawili mekundu juu ya majivu. "Moto haunyimwi," alikuwa anasema.

Siku moja mpita njia mmoja alipewa moto, akabeba na sufuria kubwa ya koko, ile ya bugali wa sisi wote. Wiki nzima tulikula mihogo ya kuchoma. Kisha akaja mwingine na kigae. Mimi nikaziba mlango: "Koko, mfukuze!"

Koko akashusha pumzi. "Yule alichukua sufuria. Nikimnyima huyu moto, yule atakuwa amenichukua na mimi."

Akamwekea makaa. Lakini siku ile aliyaweka akiwa ameikalia sufuria yenye ilibaki.

Jiko lile halipo tena, vita viliondoka nalo. Kaburi la koko sijaliona. Hapa kila mtu ana moto wake nyuma ya vyuma vyake. Nimechoka kuibiwa, nimechoka na kuogopa, na sijui kipi kinachosha zaidi. Mungu anajua.

Yule mama alikuwa bado amesimama, anamtikisa mtoto. Sufuria yake isingepita katikati ya vyuma.

"Kalia simu yako," nikamwambia binti. Nikachukua funguo.