Shikamoo Moja Njiani

Mlima wenyewe si wa kutisha. Wataalamu wa Kizungu waliokaa kwenye kituo cha utafiti cha Amani walikuwa wakiupanda Jumapili pamoja na watoto wao na kikapu cha mikate, wakarudi kabla ya chai ya jioni. Mimi ulinishinda. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa biolojia niliyekuja likizo kutoka chuo cha Kampala, na viatu vya ngozi vilivyonunuliwa kwa ajili ya kutembea koridoni.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Dada yangu, aliyenilea tangu mama afe nikiwa na miaka minne, alikuwa akifa. Hospitali ilikwisha kumrudisha nyumbani kwa maneno ya upole. Mumewe, Mbondei mkata mkonge, akaenda kwa mganga, akaambiwa: pandeni kileleni mpige hodi, kisha shukeni kwenye ziwa lililo chini ya kilele, mteke maji. Kuanzia hapo msiseme neno na mtu, wala ninyi kwa ninyi, mpaka mgonjwa ayanywe. Anywe siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama.

Nilikwenda kwa sababu nilishindwa kumwambia dada kwamba siendi. Kuamini, sikuamini. Ndivyo nilivyojiambia.

Tulianza alfajiri, mimi na shemeji yangu huyo. Kufika katikati ya msitu nilikuwa nimeshika mti.

"Shemeji," akasema, "huko chuoni mnafundishwa kupumua?"

"Tunafundishwa kwa nini tunapumua."

"Basi pumua kwanza. Sababu utanipa tukifika juu."

"Bado mbali?"

"Hapo tu."

Alisema "hapo tu" kwa saa tatu.

Kileleni upepo ulikuwa mkali. Chini mashamba ya mkonge yalinyooka mistari mistari kama kichwa kilichosukwa, na mbele yake bahari. Shemeji akavua kofia, akapiga hodi mara tatu, akaeleza shida yetu kwa Kibondei, taratibu, kama mtu aliye mlangoni pa tajiri. Mimi nikasoma Fatiha, kwa tahadhari. Tukangoja. Hodi ile haikuitikiwa hata na ndege.

Ziwa lilikuwa dogo, maji meusi kwa majani yaliyooza. Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kutafuta konokono wa kichocho ukingoni. Shemeji alinitazama nimeinama, akadhani naomba dua, akangoja nimalize. Kisha akajaza chupa, akaiziba kwa gunzi la muhindi, akaifunika kwa majani ya mgomba ndani ya kikapu. Tukashuka kimya.

Karibu na bonde tukakutana na mzee anapanda na mzigo wa kuni. Mwenyeji wa hapo angetutazama akajua, akatupisha. Huyu alikuwa mgeni, mtu wa bara aliyeletwa na mkonge. Akatua mzigo, akasimama kando ya njia kungoja shikamoo yake. Shemeji akaweka mkono kifuani, akainama, akapita. Nami nikafanya vivyo hivyo.

"Vijana!" akaita nyuma yetu. "Hamna midomo?"

Tukaendelea.

"Aliyewalea ninyi alikuwa anafuga mbuzi!"

Aliyenilea mimi alipata kunirudisha kutoka nyumbani hadi sokoni Tanga, juani, nikamwamkie muuza kahawa niliyempita bila salamu. Nikageuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba!" akasema, ameridhika kabisa, akajitwika kuni zake.

Shemeji alinitazama. Akalitazama jua, ambalo lilikwisha kuinama. Kurudi juu hakukuwezekana. Hakusema kitu, yeye bado alikuwa ameshika masharti. Akaendelea kushuka mbele yangu, mwendo ule ule, kikapu amekikumbatia kwa mikono miwili.

Nyumbani dada alinyanyuliwa, akapewa kikombe. Hakukipeleka mdomoni. Alinitazama mimi.

"Hukumsemesha mtu njiani, mdogo wangu?"

"Sikumsemesha."

"Hata shikamoo?"

Hapo ndipo nilipoupata ule ukimya niliotakiwa kuwa nao mlimani.

Akacheka kidogo, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Kisha akanywa maji yote, na majani yaliyokuwamo, ili miguu ya mumewe isionekane imekwenda bure. Tulimzika kabla ya mwezi kuandama.

Shemeji hajanilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu. Utetezi ninao, nimeunoa miaka yote hii: ugonjwa ulikwisha kuingia mahali ambapo maji hayafiki, neno moja halibadili kitu kilichomo chupani, nina shahada. Nikienda kumtembelea tunazungumza habari za mvua, na mimi nangoja aulize. Haulizi. Ananisindikiza hadi njia panda, na tukipishana na mzee yeyote, hukaa kimya mpaka nimwamkie mimi kwanza.