Kisigino cha Manju wa Samuye

Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, simu ilipoita na mke wa fundi wangu wa suruali akaniambia kwa sauti tulivu, "Fundi ametuacha. Amekula michembe yake ya viazi, akasema anajinyoosha kidogo, hakuamka." Nilimwomba kinyozi asubiri. Alisubiri, mashine ikiunguruma mkononi mwake, mpaka nilipoweza kumwambia aendelee. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamkumbuka marehemu bila kumjua, maana ndiye yule fundi wa Samuye niliyewahi kulalamika hapa kwamba hunishonea mifuko mirefu mpaka funguo zinafika karibu na goti. Daktari amesema ni moyo. Naliweka wazi mapema kwa sababu yeye mwenyewe angetaka lijulikane: kilichomwondoa ni moyo, si kisigino. Kisigino chake kimezikwa kikiwa kizima, na kuna watu wengi kati ya Samuye na Bugarama walio tayari kuapa hivyo.

Siku za kawaida alikuwa fundi cherehani. Mavuno yakishaingia ghalani aligeuka manju, yaani kiongozi wa kundi la ngoma: mtunzi, mwimbaji, na mtu wa kwanza kuruka. Kundi lake lilicheza bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo mchezaji hurusha jembe juu, huruka, hugeuka, kisha hulidaka kana kwamba limemngoja. Kwa asiyeyajua mashindano yetu, nieleze kidogo. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake, na hakuna meza ya waamuzi. Waamuzi ni watazamaji wenyewe. Kundi lililovuta umati mkubwa limeshinda, na manju aliyebaki akiimbia mbuzi na wakwe zake hahitaji kuambiwa matokeo. Ndiyo maana tangu enzi za babu zetu kila manju hutafuta samba, dawa ya kuvuta watu, na kila samba huja na miiko yake na siri yake. Mpinzani mkubwa wa fundi alikuwa manju wa upande wa Bugarama, muuza mitumba mwenye kifua cha ng'ombe dume na mdomo wa kuuzia nguo ambazo hujazihitaji. Wawili hao walishindana miaka mingi sana, na nadhani walipendana, ingawa hakuna aliyekubali kulisema hilo.

Kisha kisigino kikaanza. Mwanzo kilimsumbua asubuhi tu, akishuka kitandani anachechemea mpaka mguu upate moto. Baadaye kikauma akikanyaga cherehani, na mwisho kikauma hata akikaa. Alikisugua mafuta ya kondoo, akachanjwa chale, akameza vidonge vya dukani, vile ambavyo wachimbaji wa huku kwetu humeza kabla ya kushuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, kama wanavyotafuna karanga. Akajaribu kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake, na ushahidi ninao kabatini: suruali moja ambayo mshono wake unatangatanga kama njia ya ng'ombe. Lakini suruali hazikumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni msimu uliotangulia, ambapo aliongoza kundi lake akiwa ameketi kwenye kiti, na manju wa Bugarama akamtungia wimbo mzima kuhusu bibi harusi anayesubiri kubebwa. "Manju asiyeruka," aliniambia siku moja huku akinipima kiuno, "ni mwanakwaya. Mwaka huu nikishindwa kuruka, majembe nawarudishia wenye mashamba." Alisema akitabasamu, ila futi ilitulia kiunoni mwangu muda mrefu kuliko lazima, na nilijua anamaanisha.

Ndipo aliposikia kwa mteja mmoja kwamba mjini Shinyanga kuna kliniki ya viungo yenye mashine ya kugonga mishipa. Akaniomba nimsindikize, kwa sababu, alisema, mimi najua Kiswahili cha hospitali. Kwenye benchi tulikuta wachimbaji watatu wenye viwiko vilivyochoshwa na nyundo, na mama mmoja aliyepooza bega kwa kutwanga. Mtaalamu alikuwa binti wa Tanga, mwenye hijabu na adabu za pwani.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Nimekuja kugongwa."

Alimpima kwanza, akabonyeza hapa na pale, akamwambia asimame kwa vidole vya mguu mmoja mmoja, jambo ambalo fundi alilichukulia kama majaribio ya kuingia kundi jipya. Kisha akamweleza. Kano ya kisigino, kile tunachokiita mshipa, ilikuwa imechakaa kwa kazi ya miaka, na mwili ulikuwa umeizoea hali hiyo, hauhangaiki tena kuitengeneza. Mashine hutuma mawimbi ya mshtuko, mapigo ya haraka yanayopenya ngozi bila kuichana, yanaigonga ile sehemu iliyolala mpaka mwili ushtuke kwamba hapa kuna kazi haijaisha. "Haitibu kila mtu," akasema, "na wewe nakuambia ukweli, mzee wangu, mashine peke yake haitoshi. Ikigonga, kazi inayobaki ni yako."

Akampaka jeli baridi, akashika kile kichwa cha mashine, akawasha. Mlio wake, wasomaji wangu, ulikuwa wa cherehani. Tak-tak-tak-tak, haraka, bila kuchoka. Fundi alikuwa amekunja uso kwa maumivu, maana inauma, tusidanganyane, lakini aliusikia mlio ule na uso ukakunjuka nusu. "Huyu anashona," akasema. "Niache, mayu, nasikiliza kama uzi haujakatika."

Ilipokwisha, akavaa kiatu na kuuliza swali ambalo nadhani binti yule hakufundishwa chuoni. "Na miiko yake?"

Nilimtazama binti. Angeweza kusema hapa hakuna miiko, hii ni sayansi, na fundi angerudi Samuye akaruka kesho yake. Wagonjwa wengi wa huku ndivyo wanavyofanya: maumivu yakipungua kidogo, mtu anachukua nyundo na kurudi shimoni. Binti aliketi, akasema kwa heshima zote, "Miiko ipo, na ni mikali. Usiruke wala kukimbia mpaka nikuruhusu. Usimeze vile vidonge vya kuzima uvimbe, maana vitauzima na mwili uliokwisha amka. Rudi kila wiki mpaka nikuambie basi. Na asubuhi na jioni panda ukingoni mwa jiwe au ngazi, simama kwa vidole, kisha shusha kisigino chini ya ukingo polepole, polepole mno, kama mtu anayeshusha mtungi wa maji kichwani."

"Na mke?" fundi akauliza kwa sauti ya chini. Samba nyingi, mnajua, humtenga mtu na kitanda chake.

"Mzee wangu, hilo halihusiani na kisigino."

Alionekana kusikitika. Njiani aliniambia kwamba mashine ni nzuri, ila dawa isiyokataza hilo ameitilia shaka kidogo.

Miiko aliishika yote. Mtu huyu ambaye hakuwahi kumaliza dozi hata moja ya malaria, ambaye mkewe alimsimamia kama askari anywe dawa ya kikohozi, alipanda jiwe kila asubuhi kabla ya chai na kila jioni kabla ya kuwafungia kuku. Jiwe lenyewe lilikuwa la kusagia la marehemu mama yake, lililostaafu tangu mashine ya kusaga ifike kijijini, likawa limelala mbele ya duka lake la ushonaji. Alikuwa akipanda taratibu, anashuka taratibu, midomo ikicheza. Mkewe alidhani anasali. Alikuwa akijiimbia wimbo wa polepole ili asiharakishe. Maumivu hayakuondoka baada ya wiki ya kwanza, wala ya pili, na kuna siku yalizidi, akanipigia kunilaumu mimi. Nilimwambia ampigie binti wa Tanga. Binti alimwambia endelea, naye akaendelea, maana ukivunja mwiko katikati unaharibu samba yote, kila mtu anajua.

Nimefikiria sana jambo hili wiki hii. Tunaishi katika ukanda wa dhahabu, na dhahabu imetufundisha somo moja baya: kwamba kitu cha thamani hupatikana kwa siku moja, ghafla, na aliyekipata anajengewa hadithi. Kila mmoja wetu anamjua mtu, au anamjua anayemjua mtu, aliyelala maskini Kharumwa akaamka na gari. Kwa hiyo tunataka na viungo vyetu vipone hivyo hivyo. Choma sindano, piga mashine, lete kidonge, mimi nina zamu. Mkulima wa mpunga angetuelewesha vizuri zaidi, kwa sababu hajawahi kuvuta jani la mpunga ili urefuke, lakini watoto wa wakulima wa mpunga ndio tuliojaa mashimoni. Binti wa Tanga aliniambia siku moja kwamba kazi yake ngumu haikuwa kuwagonga watu. Ngumu ni kuwashawishi kwamba baada ya kugongwa kuna asubuhi nyingi za kazi isiyosifiwa na mtu yeyote. Tulitaniana wote wawili kwamba labda wizara ya afya iwatumie manju.

Siri, kama kawaida ya siri, ilifika Bugarama. Habari zilisema hivi: manju wa Samuye amepata samba mpya ya umeme kutoka hospitali, inapigwa kisiginoni, na miiko yake ni ya kutisha. Manju wa Bugarama hakulala. Alifunga banda lake la mitumba, akasafiri hadi kliniki, akavua kiatu na kumwambia binti amgonge kama alivyomgonga yule mwingine, na hata zaidi. Binti akampima, akamwambia kano zake ni kamba za meli, hana cha kutibiwa, aende nyumbani. Hilo lilimthibitishia kwamba dawa imekwisha nunuliwa yote. Akatuma shangazi yake Samuye kununua gauni asilolihitaji, akakae dukani na kuangalia. Shangazi alirudi na habari za jiwe.

Tangu siku hiyo, wachezaji wote wa Bugarama, wanaume kwa wanawake, walileta kila mtu jiwe lake, na kila alfajiri walipanga mstari wakapanda vidoleni na kushuka. Hawakujua ni kwa nini. Walifuata tu kwa sababu adui anafanya. Watu waliopita kwenda mashambani walisimama kutazama, wengine wakavua kandambili wakajaribu.

Siku ya mashindano nilikuwepo, nimevaa suruali ile ya njia ya ng'ombe, kwa makusudi. Binti wa Tanga alikuwa amemruhusu fundi kuruka. Ngoma zilipoanza fundi aliimba kwanza, akazunguka, akatazama jembe lake kama mtu anayemtazama mkwe, kisha akalirusha. Akaruka. Nawaambia aliruka, na alipotua alitua kwa mguu ule ule wa kulia, akalidaka jembe, akacheka mpaka akasahau ubeti. Mkewe aliyekuwa kando yangu alifunika uso kwa khanga. Nami nilikuwa na machozi na siombi radhi. Umati ulijaa upande wetu, tukajiona tumemaliza kazi.

Tatizo lilikuwa upande wa pili. Wale wa Bugarama waliokuwa wakipanda mawe miezi kadhaa bila kujua sababu walikuwa sasa na vigimbi kama vibuyu. Walianza kuruka na hawakuacha. Waliruka wote kwa pamoja, juu kuliko nilivyowahi kuona, wakatua kimya, wakaruka tena, wakati wachezaji wetu walikuwa wameanza kuhema. Mtazamaji mmoja akaenda kuangalia, kisha watano, kisha vumbi la miguu likahamia kule. Jua lilipoelekea kuzama tulikuwa tumebaki mimi, mke wa fundi, na mbuzi.

Nilidhani fundi ataumia rohoni. Aliketi juu ya mpini wa jembe, akawatazama kwa muda, akasema, "Wamenishinda kwa dawa yangu." Kisha akachukua jembe akavuka uwanja. Nilimfuata, nikiogopa ugomvi. Akamwendea manju wa Bugarama mbele ya umati wake wote, akamwambia, "Ng'wanone, mwanangu, nimeambiwa kuhusu mawe yenu. Mnapanda vizuri. Ila shangazi yako hakukaa dukani vya kutosha. Mnashuka haraka mno. Nguvu yote iko kwenye kushuka." Akavua kiatu, akamwonyesha pale pale, kwenye ngazi ya jukwaa la mgeni rasmi, mpaka mpinzani wake aliyekuwa na majigambo kooni akayameza, akavua na yeye, wakasimama bega kwa bega wakishusha visigino. Tangu mwaka ule kila aliyeumwa kisigino au kiwiko katika makundi yote mawili alitumwa kwa binti wa Tanga, na akirudi alisimamiwa miiko na wote wawili. Si wote waliopona. Wengi waliacha kumeza vidonge kama karanga, nalo si jambo dogo.

Juzi tulimzika Samuye. Watu wa Bugarama walikuja na magari mawili, majembe yao yamefungwa vitambaa vyeusi, na manju wao hakutaka kutoa hotuba, jambo lililotushangaza sote. Aliomba ashike kamba moja tu. Jeneza lilipoanza kuteremka, vijana walioshika kamba nyingine walikuwa na haraka, maana jua lilikuwa kali na mchanga ulikuwa ukiporomoka. Sauti ya manju ikatoka, pana kama kawaida, ila imepasuka katikati.

"Polepole," akasema. "Huyu ndiye aliyetufundisha kushuka."

Mke wa fundi alicheka, kisha tukacheka wote tukilia, na kamba zikaenda taratibu mpaka chini. Nimekuwa nikiwaza tangu juzi kwamba mtu akiruka hakosi wa kumshangilia, lakini miguu ya kurukia huijenga mwenyewe asubuhi, bila mtazamaji, kwenye jiwe la mama yake. Leo kabla ya kuandika nimesimama kwenye ngazi ya mlango wangu, nikanyanyuka, nikashuka. Nimeshuka haraka mno, nimeanza upya.