Kamati ya Theluji

Nyumbani kwetu jambo lolote lililohusu zaidi ya watu watatu liliundiwa kamati. Harusi, msiba, ubatizo, hata ununuzi wa friji. Palikuwa na mwenyekiti, katibu na wajumbe, na kikao kilifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa chai. Kwa hiyo Jumapili moja Baba alipotoa karatasi ya rangi kutoka ndani ya kofia yake ya kazi, akaiweka mezani na kusema tuizungumze, hakuna aliyeshangaa nilipotumwa kuleta daftari. Kilichotushangaza ni picha.

Watoto wawili wenye helmeti walisimama juu ya vibao virefu vya kutelezea, weupe mtupu chini yao na weupe mtupu nyuma yao. Pembeni baba na mama walishika vikombe vinavyotoa mvuke. Chini iliandikwa kwamba hii ni likizo ya familia nzima, milimani, saa tano kwa gari kutoka Johannesburg. Baba alikuwa mlinzi kwenye jengo la ghorofa Hillbrow, na mtu fulani alikuwa ameacha rundo la karatasi hizo karibu na lifti. Alichukua moja. Pembe zake zilikuwa zimelegea kama kitambaa, nikajua ameishika siku nyingi kabla ya kutuonyesha.

Baba alizaliwa chini ya Ruwenzori, upande wa Kongo. Mvua ikishapita, asubuhi, mlima ulikuwa ukijifunua kwa muda mfupi na kuonyesha weupe wake wa juu, kisha unajifunika mawingu, watu wanaendelea na palizi. Aliwahi kutuambia hivyo mara moja tu, akaongeza kwamba katika maisha yake hakukutana na mtu wa kijijini kwao aliyeishika ile theluji. Jumapili hiyo hakurudia habari hiyo. Alisema tu, "Kumbe kuna mahali inafikiwa kwa gari."

Mama alimtazama kwa muda. Kisha akanigeukia. "Katibu, andika."

Ilikuwa mwezi wa tano, miaka mitatu baada ya Kombe la Dunia, na mtaani kwetu Bertrams baridi ilikwisha kuanza kuingia kwa chini ya mlango. Tuliishi vyumba vitatu vya nyuma ya nyumba ya watu wengine, karibu na uwanja mkubwa wa mpira, kiasi kwamba siku za mechi tulijua matokeo kabla ya redio. Niliandika wajumbe: Baba mwenyekiti, Mama mavazi, shangazi yangu chakula, mimi katibu na msemaji wa simu, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha shule. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka tisa, alidai cheo.

"Wewe ni mjumbe," Baba akamwambia.

"Mjumbe anafanya nini?" aliuliza kwa Kiingereza. Kiswahili alikisikia chote, ila kukisema alituachia sisi.

"Anakubali," shangazi akajibu, na wote tukacheka isipokuwa mjumbe.

Mjadala mkubwa wa kikao cha pili ulikuwa sare. Mama alikuwa fundi cherehani, na kwake safari ya familia bila sare ilikuwa sawa na harusi bila bibi harusi. Alikwenda kwenye maduka ya vitambaa ya Fordsburg akarudi na kitenge cha bluu chenye majani ya njano, zipu nene, na mfuko mkubwa wa ile pamba ya plastiki inayojazwa kwenye mito. Alikusudia kumshonea kila mtu suruali na koti, pamba katikati, kitenge juu.

"Wifi, kitenge kwenye theluji?" shangazi akauliza. "Wazungu watadhani kwaya imepotea njia."

"Wakidhani hivyo utawaimbia. Wewe si unapenda kupanda sauti hata usipoombwa?"

"Mimi nitakuwa jikoni. Nabeba makayabu."

"Makayabu!" Mama aliweka mkasi chini. "Samaki wa chumvi, ndani ya nyumba ya hoteli, madirisha yamefungwa kwa baridi? Watatufukuza kabla hatujavua viatu."

"Wakitufukuza tutakuwa tumeshiba."

Baba aligonga meza kwa kifuniko cha kalamu na kuuliza swali lake. Je, mtu akianguka, sare itamsaidia? Shangazi akasema ndiyo, tutamwona kutoka mbali. Sare ikapita. Makayabu yakaahirishwa.

Jumatatu nilipiga simu. Nilisimama uani karibu na kamba ya nguo, daftari juu ya beseni lililopinduliwa. Mwanamke aliyepokea alikuwa mchangamfu na mwenye subira. Vyumba vilikuwepo mwezi wa saba, nyumba ya vitanda sita yenye jiko. Watoto wangekuwa na mwalimu wao na kilima chao kidogo, mbali na watelezaji wenye kasi. Vibao, viatu na helmeti vingekodishwa huko huko, akaniomba saizi za miguu. Niliandika yote. Mwishoni akasema, kama mtu anayekukumbusha mswaki, "Na msisahau pasipoti."

Nikauliza za nini.

"Za mpakani," akasema. "Sisi tuko Lesotho, mpenzi."

Lesotho niliijua. Niliichora shuleni, nchi nzima iliyokaa ndani ya nchi nyingine kama kiini ndani ya yai. Lakini namba ya simu ilikuwa ya Johannesburg, bei zilikuwa za randi, na karatasi ilisema saa tano kwa gari, si kitu kingine. Sisi tuliotoka Kongo hadi hapa tukipita nchi moja baada ya nyingine, tuliojua ni mpaka gani hufungwa jioni na ni upi askari wake hupenda kuamkiwa kwanza, tulikuwa tumesoma karatasi ile kwa wiki nzima na hatukuona mpaka.

Mama, shangazi na sisi watoto tulikuwa na hati za kusafiria za wakimbizi, zilizotoka mwaka uliotangulia. Baba alikuja Afrika Kusini kabla yetu, peke yake, na faili lake lilibaki peke yake. Alichokuwa nacho ni ile karatasi ya kuomba hifadhi, iliyogongwa muhuri kila baada ya miezi michache, imekunjwa mara nne ndani ya plastiki. Ilimruhusu kukaa na kufanya kazi. Kuvuka mpaka haikumruhusu. Ukitoka nayo nje ya nchi, unakuwa umelifunga faili lako kwa mkono wako mwenyewe, na miaka yote ya kungoja inakwenda nalo.

Jioni waliponiuliza, nilifungua daftari na kusoma nilichokuwa nimeandika: "Katibu amepiga simu. Nafasi ipo. Zinahitajika saizi za miguu."

Sikuwa na mpango wowote. Nilijiambia nitasema kesho, Baba akishakula. Kesho yake alikula, kisha akaweka mguu wake juu ya karatasi akauchora kwa penseli, akaniletea ule mchoro kama hati rasmi, maana viatu vya wazungu, alisema, namba zake haziaminiki. Siku nyingine nilimkuta akisoma yale maelezo ya jinsi ya kusimama, magoti yamekunjwa kidogo, uzito mbele, mikono mbele, na alikuwa akiyajaribu taratibu kwenye nafasi kati ya kitanda na kabati. Nikarudi uani. Wiki mbili zilipita hivyo. Koti la mdogo wangu lilikamilika kwanza, naye alilivaa hadi kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua mkate, akarudi na sifa za mtaa mzima.

Jumamosi moja mchana Mama alimpima Baba. Baba alisimama katikati ya chumba, mikono kaitanua pembeni, miguu kaitenga, uso ukutani.

"Mbona unasimama kama unapekuliwa?" Mama akamwuliza.

"Nimezoea."

"Geuka. Mimi si polisi."

"Polisi hawana mikono baridi hivyo."

Mama alicheka akampiga begani kwa tepu ya kupimia. Baba naye alicheka, mikono bado hewani, na mimi niliyekuwa nikiandika vipimo nikasikia mdomo wangu unasema kwamba mahali penyewe pako Lesotho, kwamba pasipoti zinatakiwa, zote.

Mama aliacha tepu ining'inie kiunoni mwa Baba. Baba alishusha mkono mmoja, kisha wa pili.

"Umejua lini?" Baba akaniuliza.

"Siku niliyopiga simu."

"Na ukaandika nini kwenye daftari?"

"Nafasi ipo."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea taarifa ya zamu. "Ipo," akasema. "Iko kwa ajili yenu." Kisha akaitoa tepu kiunoni, akaikunja vizuri, akamrudishia Mama.

Aliitisha kikao kesho yake baada ya ibada. Alisali mwenyewe, sala fupi, na akatoa hoja mwenyewe. Familia iende. Nafasi imepatikana, nguo zimeshonwa, mtoto amewaambia rafiki zake. Yeye atatusindikiza kwenye kombi ya kukodi hadi mpakani, atashuka, atapanda teksi kurudi. Alisema yote haya bila kutazama karatasi ya picha, iliyokuwa pale pale mezani.

"Kusindikiza," Mama akasema. "Mgeni ndiye husindikizwa. Hapa mwenye safari ni nani?"

"Safari ni ya familia."

"Mzee, mimi theluji naijua wapi? Nimeona picha tu kama hawa watoto. Unipeleke nikaishike, kisha nikurudie nikuhadithie wewe?"

Shangazi alisogeza kiti. "Kaka, kuna watu wanavuka ule mto wa mpakani kwa miguu. Wakati wa baridi maji yanafika hapa." Alionyesha kifundo cha mguu.

"Nimeshavuka mito ya kutosha," Baba akasema. Hakupandisha sauti, na shangazi akainamisha macho.

Mwenyekiti akaita kura. Wanaokubali familia iende bila yeye, wanyooshe mkono. Aliunyoosha wake peke yake. Mdogo wangu, aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba kazi yake ni kukubali, alikaa juu ya viganja vyake viwili.

"Mjumbe?" Baba akamwuliza.

"No, Papa," akasema. Kisha akatafuta Kiswahili, akakipata. "Sitaki. Koti langu nitavaa hapa hapa."

Ndipo Mama alipoleta hoja ya pili, ambayo niliiandika neno kwa neno: katibu, kwa kuwa ameficha jambo wiki mbili, atafute theluji iliyo upande huu wa mpaka, na asirudi kikaoni bila jibu. Ilipita kwa mikono minne. Baba alisema yeye hapigi kura katika jambo linalomhusu. Shangazi akamwambia dakika moja iliyopita alipiga. Akasema ndiyo, na tumeona matokeo.

Ilinichukua siku tatu za kupigia simu wenye hoteli za milimani. Wa kwanza hakupokea, wa pili alikuwa na vyumba vya watu wawili tu, wa tatu aliniambia theluji yao huanguka ikipenda. Wa nne alikuwa mzee mwenye sauti nzito, kule mbali kwenye milima ya jimbo la Eastern Cape. Mwendo wa kufika kwake ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa Lesotho, na mwisho wa njia ulikuwa vumbi na mawe. Walikuwa na kilima cha watoto, mwalimu, na nyumba ya vitanda vinne ambamo mmoja wetu angelala kwenye kochi. Nilimwomba angoje, nikaingia ndani nikamwambia Baba, aliyekuwa akivua viatu baada ya zamu. Nikamwambia pia jambo ambalo safari hii sikutaka kulificha hata kwa dakika moja: theluji ya huko nyingi hutengenezwa kwa mashine.

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. "Kwa mashine."

"Wanarusha maji hewani kwenye baridi kali, yanaganda kabla ya kufika chini."

"Ni ya baridi?"

"Ya baridi."

"Ukiishika inayeyuka?"

Nilimwuliza mzee kwenye simu. Alicheka, akasema inayeyuka, tena haraka kuliko mtu anavyopenda. Nikamwambia Baba inayeyuka.

"Mwulize kama kuna geti lolote njiani. Lolote."

Niliuliza. Mzee alifikiri kweli, nilisikia anahesabu kwa kunong'ona. Akasema yapo matatu, ya mashamba, tuyafungue wenyewe na tuyafunge nyuma yetu, kondoo wasitoke. Hayana mtu. Nilirudia jibu lile kwa Kiswahili, pole pole.

Baba aliweka kiatu chini. Alimwita Mama, aliyekuwa chumba cha pili na cherehani yake, akamwambia alete ile tepu, kwa kuwa Jumamosi hawakumaliza mikono. Mimi nilimwambia mzee wa milimani kwamba tunakuja, watu watano, na kwamba mmoja wetu miguu yake nitaituma kwa mchoro.

Asubuhi yake Baba aliondoka nyumbani mapema kuliko siku zote. Alitaka kumkuta msimamizi wake kabla hajaanza mzunguko wa majengo, amwombe siku nne. Ndipo tulipojua kwamba mpaka siku ile, kwa vikao vyote vile, hakuwa amemwomba hata siku moja.